Somo: Rubriki ya mradi wa bustani ya gunia, Gredi ya 5

Kila muhula swali ni lile lile: "Rubriki, yaani jedwali la kupimia kazi ya mwanafunzi, inajazwaje?" Nimeyaweka yote hapa. Mfano wangu ni sukuma wiki kwenye gunia; hata kibuyu chirizi cha kunawia mikono utakipima kwa njia hii.

1. Soma matokeo maalum yanayotarajiwa kwenye mtaala, yaani kile mtoto anachopaswa kuweza mwishoni mwa somo.

2. Chagua vigezo visizidi vinne. Mimi: utengenezaji, upandaji, utunzaji, kumbukumbu.

3. Chora jedwali. Juu weka viwango: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, mbali na matarajio.

4. Jaza visanduku. Kazi yenyewe iko hapa. Anza na "kufikia", maana ndicho kiwango unachofundishia. Ukijaza "nzuri sana, nzuri, wastani, dhaifu", walimu wawili watalipatia gunia moja alama mbili tofauti. Andika kinachoonekana. Utengenezaji, kufikia: gunia limesimama wima, udongo una samadi, kokoto zimepangwa katikati toka chini hadi juu ili maji yashuke. Kukaribia: kokoto zimeishia njiani. Kuzidisha: yote hayo, na mtoto anaeleza kazi ya kokoto.

Onyo: usipime mfuko wa mzazi! Gunia jipya na miche ya kununua visimwongezee mtoto chochote. Wala usiadhibu kosa moja mara mbili; mche uliokauka ni wa utunzaji tu.

5. Wasomee wanafunzi kabla hawajagusa udongo.

6. Pima kigezo kimoja kwa makundi yote, ndipo uende kingine.

MASWALI (kila mwalimu kwa jina la mahali anakotoka)

Mwl. Bungoma: Nitumie yako nijaze majina tu.
— Hapana. Mradi wako hata hujautaja. Rudi hatua ya 1.

Mwl. Kwale: Kuku wamekula miche ya kundi moja. Ni mbali na matarajio?
— Umeuliza la maana, mwalimu. Fungua daftari lao. Kama walimwagilia, wakapalilia, wakaandika siku kuku walipoingia, utunzaji wameufikia. Ndiyo sababu mavuno sikuyafanya kigezo. Wape miche wapande tena.

Mwl. Kitui: Na mmoja akiwafanyia wote?
— Kumbukumbu kila mtoto aandike zake. Kisha muulize kila mmoja palepale penye gunia: maji yanafikaje chini? Aliyefanya kazi atakuonyesha kwa kidole.

Mwl. Kwale: Asante. Ila kwetu pwani ni mchanga mtupu, maji hayakai.
— Ongeza samadi iliyooza vizuri, na utandaze nyasi kavu juu. Mwagilieni jioni.