Ukipata wageni wa Australia: jinsi ya kuwajua wanyama wa kwao kabla hujawaonesha wa kwetu

Wadogo zangu mnaoongoza watalii hapa Arusha na Moshi, hili nawaandikia kwa kirefu kidogo mana kila msimu naona kijana anapewa wageni wa Australia, anawapokea uwanja wa ndege wa KIA vizuri, anaendesha vizuri, ndege wa Tarangire anawajua wote, alafu usiku kule Ndutu kamendegere anaruka mbele ya taa za gari na mgeni anauliza, huyu na kangaruu wetu ni ndugu? Kijana ama anakaa kimya ama anasema ndiyo. Jibu ni hapana. Kamendegere ni wa ukoo wa panya, kangaruu ni mnyama wa mfuko, yaani analea mtoto kwenye mfuko wa tumboni, wamefanana mwendo tu. Ukiweza kumueleza mgeni kwa nini wamefanana wakati si ndugu, hapo umempa kitu ambacho hakukitegemea na safari nzima inabadilika.

Mimi nilijifunza hivi mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa na wazee wawili, mume na mke, tuko kwenye lanchi boksi pale pikiniki saiti ya Tarangire, nikataka kuwafurahisha nikawaambia nyie kwenu mna dubu koala. Yule mama akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu, koala si dubu, ni mnyama wa mfuko anayeishi mtini. Akatoa kwenye pochi sarafu za kwao zenye picha za wanyama akazipanga juu ya meza akaanza kunifundisha mnyama mmoja mmoja. Ile saa moja ilinisaidia kuliko daftari zima la chuo, na ndo namna ninayowashauri nyie mtumie.

Anza na miti, kabla hata ya wanyama, mana miti yao unayo hapahapa. Mkaratusi ni wa Australia. Mgrivea uliojaa kwenye mashamba ya kahawa ya Kibosho, Machame na Marangu, ule tunaoupanda kwa kivuli na kupasua mbao, nao kwao ni mashariki ya Australia. Mkiwa mnapita na gari simama dakika mbili, chuma jani la mkaratusi, lifikiche, mpe anuse. Nimeona watu wazima wananyamaza kabisa wakinusa lile jani, ni harufu ya nyumbani. Mkifika Tarangire kwenye mibuyu mwambie kwamba na wao wanao mbuyu wao, wa aina nyingine, unaota kule Kimberley kaskazini magharibi, wengi wao wanaoishi Sydney au Melbourne hawajawahi kuuona.

Alafu sasa elewa sababu, usikariri majina. Zamani sana Afrika, Amerika ya Kusini, India, Antaktika na Australia zilikuwa bara moja linaloitwa Gondwana. Sisi tulikatika mapema, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, Australia ikabaki imeshikana na Antaktika mpaka kama miaka milioni 35 hivi iliyopita ndo ikaachia kabisa ikaelea peke yake baharini. Wanyama wa mfuko walikuwa wameshaingia wakitokea upande wa Amerika ya Kusini kupitia Antaktika wakati bado kuna njia, na mpaka leo Amerika wapo wenye mfuko, kwahiyo usimwambie mgeni kwamba wako Australia tu. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Simba hakufika, swala hakufika, nyani hakufika, tembo hakufika. Waliofika wenyewe ni popo kwa kuruka na baadaye panya kutokea Asia. Binadamu alifika si chini ya miaka 50,000 iliyopita, na dingo, yule mbwa mwitu wao, aliletwa na watu miaka elfu chache tu iliyopita. Kwahiyo kazi ambazo kwetu zinafanywa na swala, fisi, muhanga, kule zilifanywa na viumbe wengine kabisa. Hapa ndo kwenye kiini cha mambo yote, ukishakishika hiki huna haja ya kukariri, kila mnyama wa kwetu unamtafutia mwenzake anayefanya kazi hiyohiyo kule.

Nakupa niliowapanga mimi, na wewe utaongeza wako.

Mkiwa kwenye nyumbu na pundamilia, ongelea kangaruu. Yeye ndo mla majani wa kule. Dume la kangaruu mwekundu linafika kilo 85 na zaidi, akisimama anawazidi wengi wetu. Akiruka, kano za miguu zinavutika na kurudi kama mpira kwahiyo hamalizi nguvu nyingi kwenda mbali, akitembea polepole anasukumia na mkia, mkia unakuwa mguu wa tano. Lakini kinachowaacha watu mdomo wazi ni uzazi, hata Waaustralia wenyewe wengi hawajui kwa undani. Ndama wa nyumbu anazaliwa na ndani ya dakika chache anakimbia, umeshawaonesha Ndutu mwezi wa pili. Mtoto wa kangaruu anazaliwa baada ya siku kama 33 tu, mkubwa kama punje ya haragwe, hana nywele, haoni, uzito wake kama gramu moja, na anapanda mwenyewe kwenye manyoya ya mama yake mpaka ndani ya mfuko, anang'ang'ania chuchu anakaa humo miezi. Mama anaweza kuwa na mtoto mmoja nje anayerudi kunyonya, mmoja mfukoni, na mimba changa imesimamishwa inasubiri nafasi, na zile chuchu mbili zinazotumika zinatoa maziwa ya aina mbili tofauti kwa wakati mmoja, ya mdogo na ya mkubwa. Ukiweka hivi viwili pamoja, ndama wa nyumbu na mtoto wa kangaruu, mgeni anaelewa papo hapo kwamba huku hatari ni simba na fisi kwahiyo mtoto lazima azaliwe na miguu tayari, na kule ukame ndo tishio kubwa kwahiyo mama anahitaji njia ya kusubirisha mimba mpaka mambo yawe mazuri.

Tembo mwunganishe na koala. Najua inasikika ajabu. Lakini umeshawahi kuona mtoto wa tembo anakula mavi ya mama yake, wageni wanashtuka wanauliza anaumwa? Anatafuta bakteria wa kumsaidia kusaga majani. Mtoto wa koala anafanya vilevile, kabla hajaanza majani ya mkaratusi mama yake anatoa kinyesi laini maalumu na mtoto anakila, mana yale majani yana sumu na bila wale bakteria hayasagiki tumboni. Na kwa sababu majani yenyewe hayana nguvu, koala analala mpaka saa 20 kwa siku. Anazo pia alama za vidole kama zetu.

Tukiwa bado kwenye mavi, mana muongoza watalii mzuri lazima ayajue mavi, mkikuta choo cha dikidiki, kile kilima kidogo anachorudia kila siku kuweka alama ya eneo, mwambie mgeni habari za wombati. Huyu ni mnyama mnene mfupi anachimba mashimo, na mavi yake yanatoka na pembe nne kama vipande vya sukari guru, utumbo wake umejengwa sehemu nyingine ngumu sehemu nyingine inavutika ndo inayafinyanga hivo. Anayaweka juu ya mawe na magogo kama alama. Mfuko wake mdomo umeangalia nyuma ili akichimba udongo usimwingie mtoto. Mimi hiki ndo nakipenda kuliko vyote.

Kakakuona na muhanga ni wa kuonekana kwa bahati sana, lakini mgeni akiviona vichuguu atauliza nani anakula mchwa, hapo mtaje ekidna. Ana miiba kama nungunungu, ulimi mrefu wa kulia mchwa na sisimizi, na anataga yai. Yeye na platipasi ndo wanyama pekee duniani wanaonyonyesha na wakati huohuo wanataga, wako aina tano tu, platipasi mmoja na ekidna wanne. Platipasi ana mdomo kama wa bata, mkia bapa, dume lina mwiba wa sumu kwenye mguu wa nyuma, chini ya maji anafumba macho na masikio anatafuta chakula kwa kuhisi umeme mdogo unaotoka kwenye miili ya wadudu na kamba wa majini. Hana chuchu, maziwa yanatoka kwenye ngozi. Ngozi yake ilipofika Uingereza, mtaalamu George Shaw aliyemuandika mwaka 1799 alihofia kwamba kuna mtu kashonea mdomo wa bata.

Mbuni na emu ni rahisi, ndege mrefu wa kwanza na wa pili duniani. Kwetu jike la mbuni linalalia mchana dume usiku, kwa emu dume linalalia peke yake karibu wiki nane na halili karibu kitu chochote. Na mkipita Karatu mkakuta watu wanakesha kulinda mahindi na tembo, waulize wageni kuhusu mwaka 1932, wakulima wa ngano wa Australia Magharibi walilemewa na emu mpaka serikali ikatuma wanajeshi na bunduki za rashasha, na emu wakawashinda. Mgeni ataicheka lakini mwombe atulie amsikilize mkulima wa Karatu pia, mana ni shida ileile, mtu na shamba lake.

Fisi mpe shetani wa Tasmania, mnyama wa mfuko wa kile kisiwa cha kusini mwa Australia. Mdogo, mweusi, anakula mizoga na mifupa, anapiga kelele mbaya kwenye chakula. Kwenye hili punguza sauti kidogo. Toka 1996 wana ugonjwa wa kansa ya uso unaoambukizwa wakiumana na umewamaliza wengi sana. Waeleze na ya kwetu, mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa unaoitwa distemper uliingia kwa simba wa Serengeti ukaua karibu theluthi moja yao. Wageni wanaotoka Tasmania hili linawagusa, nimeshakaa na baba mmoja ukingoni mwa Ngorongoro tukaliongelea mpaka giza likaingia.

Na siku mkimuona faru kreta, kama kuna utulivu, mtaje chuimilia wa Tasmania. Alikuwa na mfuko na milia mgongoni. Serikali ya kule ililipa watu pesa kwa kila aliyeuawa toka 1888 mpaka 1909, na wa mwisho anayejulikana alikufa kwenye bustani ya wanyama Hobart tarehe 7 Septemba 1936. Usiongeze maneno mengi hapo. Mwache mgeni amwangalie faru.

Sasa mambo ya kuepuka. Dubu nimeshasema. La pili, ile hadithi kwamba kangaruu maana yake "sielewi", kwamba mzungu aliuliza jina akajibiwa hivyo, si kweli, nimeisikia kwenye magari mengi. Neno limetoka lugha ya Waguugu Yimithirr wa Queensland, gangurru, jina la aina moja ya kangaruu, likaandikwa na watu wa Kapteni Cook, yule baharia Mwingereza, mwaka 1770. Wenyewe wapo na lugha yao wanaizungumza, ukisema ile hadithi unawadharau kama vile mtu adharau Wahadzabe mbele yako. La tatu, usidhani wote wanawapenda kangaruu, mfugaji wa kule anaweza kukuambia anawaona kama wewe unavyoona ngedere shambani, na nyama yake inauzwa dukani.

Uliza mapema mgeni ametoka jimbo gani. Hii inasaidia sana, mana nchi yao ni kama Tanzania nane. Shetani yuko Tasmania, kasowari yule ndege mkubwa mwenye teke la hatari yuko kaskazini mwa Queensland, na wa Perth waulize kuhusu kwoka, mnyama mdogo wa mfuko wa kisiwa cha Rottnest, uone wanavyotoa simu kukuonesha picha. Wa kaskazini hawatishiki kirahisi na mamba wa mto Grumeti, kwao kuna mamba wa maji chumvi anayepita mita sita. Lakini tumbili wa kawaida kabisa, wale wanaoiba ndizi pale geti la Manyara ambao sisi tumeshawachoka, wasimamishie gari muda mrefu. Kwao hakuna tumbili hata mmoja porini.

Sarafu ndo daftari lako. Ukipata nafasi omba uangalie, senti 5 ina ekidna, senti 10 ndege kinubi anayeiga sauti za kila kitu, senti 20 platipasi, dola moja kangaruu watano. Mimi ile ya senti 20 yule mama aliniachia, iko kwenye dashibodi mpaka leo, na mgeni wa Australia akiingia mbele huwa anaiona kabla hatujafika Kisongo.