Somo: Mashine ya kuipiga boti polishi (soma kabla ya kunipigia simu)

Kila kusi ikianza na boti zikipandishwa pwani, simu yangu haitulii: "Ninunue mashine gani?" Naandika mara hii moja. Nazungumzia boti za faiba, zenye jelikoti, ile ngozi ya juu inayong'aa.

1. Osha kwa maji ya bomba na sabuni, chumvi yote itoke. Kausha.

2. Pitisha kiganja ubavuni. Kikirudi na unga mweupe kama mkono wa mpika maandazi, jelikoti imeliwa na jua na mashine itafaa. Ukiona nyuzi za faiba, polishi haina kazi hapo.

3. Aina ni mbili. Moja huzunguka tu kama feni: hukata haraka, na ndiyo inayofufua rangi iliyopauka. Nyingine huzunguka huku ikiyumba: haichomi kirahisi, lakini kwa boti iliyochakaa, adhana ya magharibi itakukuta ubavu ule ule. Boti inayong'aa bado, chukua ya kuyumba. Iliyokufa kabisa, ya kuzunguka.

4. Kasi. Hapa ndipo nilipoungua mimi. Mwaka wa kwanza nilibania pesa, nikafunga pedi ya sufu kwenye grinda ya kukatia chuma. Grinda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kampaundi (ile dawa inayokata ngozi iliyokufa) inataka 1,200 hadi 1,800, nta chini ya 1,000. Nikaanzia omo (mbele ya boti), tena penye ukingo. Harufu ya plastiki ikanipanda puani. Kuinua mashine, naona duara la manjano, upana wa kikombe cha kahawa, na katikati nyuzi. Jelikoti nzima ni kama nusu milimita tu! Mwenye boti alikuwa nyuma yangu. Hakusema neno, akaenda kukaa kivulini. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo nunua yenye gurudumu la kupanga kasi, inayoanza polepole na isiyozimika ukiikandamiza. Usiitulize mahali pamoja. Kingo zifanye kwa mkono. Gusa kila mara: pakiwa pa moto, hama. Na adhuhuri usifanye, kampaundi hukauka kabla haijakata.

5. Pedi: sufu kwa kampaundi, sponji kwa nta. Inchi 7 yatosha.

6. Ishike dukani dakika tano, mikono imenyooka. Kilo 3 si mchezo ukiwa juu ya ngazi.

7. Umeme wetu ni volti 240. Ile uliyoletewa na shemeji kutoka Marekani ni ya 120, itatoa moshi. Waya uwe mnene, na uangalie maji yakijaa.

MASWALI (kila muulizaji nimemwita kwa mahali alipo, Mombasa na jirani zake)

Likoni: Kaka, sijasoma yote, ila grinda si rahisi zaidi?
— Hatua ya 4.

Likoni: Yangu ina swichi ya kupunguza kasi lakini.
— Hupungua mpaka ngapi? Soma kibao ubavuni mwake. Ikiishia 2,800, jibu unalo.

Likoni: Mbona mkali hivyo?
— Duara lile nililiziba kwa pesa zangu. Ndiyo sababu.

Mtwapa: Shikamoo mzee. Nilipiga kampaundi ikang'aa vizuri, baada ya miezi miwili unga umerudi. Nilikosea wapi?
— Marahaba mwanangu, swali zuri. Kampaundi huondoa ngozi iliyokufa na kuacha mbichi wazi juani. Ilibidi uifunge kwa nta siku ile ile, tabaka mbili. Kwa jua letu irudie kila miezi mitatu minne. Unaiosha kwa sabuni gani?

Mtwapa: Sabuni ya unga ya nguo.
— Basi nta unaikwangua mwenyewe. Tumia sabuni laini, na boti ikilala ifunike turubai.

Bandari ya Kale: Na jahazi la babu, la mbao?
— Mashine hii usiikaribishe. Mbao za juu ni mafuta ya sifa (ya samaki), chini deheni (shahamu na chokaa), kama walivyofanya wazee wenyewe. Harufu utaizoea.

Bandari ya Kale: Mke wangu hajaizoea, mwaka wa sita huu.
— Nguo za kazi ziache humo humo jahazini.

Mtwapa: Mzee, pedi ya sufu imegandamana, niitupe?
— Usitupe. Ichomoe, ichambue kwa mswaki mgumu ingali na unyevu, uioshe, uianike kivulini.