Kabla ya mvua, uliza nani atabaki na watoto

Ninajitolea kama mwezeshaji wa malezi katika kata moja wilayani Bahi. Tulianza na akina mama 14 chini ya mbuyu, karibu na zahanati. Sasa vikundi ni tisa. Wewe unayetaka elimu hii ifike hadi kitongoji cha mwisho, nakupa njia niliyopita, pamoja na pale nilipoteleza.

Fuata kalenda ya shamba. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Mwaka wa kwanza niliitisha vikao Januari, watu wako kwenye palizi, walikuja wanne. Siku hizi mafunzo yenyewe nayaanza Julai, uwele ukishaingia ghalani. Lakini usiwaache wazazi wakati wa mvua, maana ndipo watoto wanapoumia zaidi. Mama anatoka alfajiri, mdogo anaachiwa dada yake wa miaka saba, uji umeisha saa nne, na moto bado uko jikoni. Uwele ukianza kukomaa, mwingine anatolewa shule akaamie ndege. Kwa hiyo Novemba kila kikundi kinajibu swali moja tu: nani atabaki na watoto? Kila kaya inamtaja mtu mzima kwa jina. Wasio naye wanapangiana zamu na majirani, na bibi anayebaki nao anapelekewa unga na kuni. Bibi huyo mwalike pia kikundini, umwamkie vizuri, na aongee Kigogo akipenda. Wazazi wengi wako Dodoma mjini wakitafuta riziki; mlezi halisi ni yeye.

Akina baba hawakuja chini ya mbuyu hata nilipowaandikia barua. Nikamwomba mwenyekiti dakika 20 kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na aliyesimama kuongea akawa baba mwenzao, mfugaji. Wiki iliyofuata walikuja sita.

Kwenye kikao usihubiri. Ukisema tu "msiwapige" utaitikiwa, kisha fimbo itaendelea nyumbani. Igizeni. Mtoto wa miaka minne amemwaga dumu la maji ambalo mama amelibeba kutoka mbali. Hasira ile ni ya kweli, usiidharau. Mama anajaribu mbele ya wenzake: anasogea pembeni, anavuta pumzi, anamwita mtoto wainue dumu pamoja, anamwonyesha namna ya kulishika. Rudieni hadi maneno yamtoke bila kulazimishwa. Kikao kijacho aeleze ilivyokwenda nyumbani.

Usiharakishe kuongeza vikundi. Mwezeshaji mpya amalize mafunzo yote kama mzazi, kisha akae pembeni ya mzoefu kwa awamu nzima, ndipo apewe kikundi chake. VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu watu tayari wanakutana kila wiki na wanaaminiana.

Sasa kosa langu kubwa. Mama mmoja alisimulia kikundini kwamba binti yake ameingiliwa na ndugu. Sikuwa nimejiandaa. Hadi jioni kijiji kizima kilijua, na wazee walishaanza kuyamaliza kifamilia kwa mbuzi. Mtoto yule alibeba aibu isiyo yake, na hilo bado linaniuma. Kikundi cha malezi si baraza la usuluhishi. Kabla ya kikao cha kwanza, mwezeshaji awe amekutana ana kwa ana na afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kijiji, kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Namba 116, ya huduma kwa mtoto, inapigwa bure.

Mzazi akianza kusimulia jambo la namna hiyo mbele ya wenzake, mshike mkono taratibu, mtoke nje wawili, na mwenzako aendeleze kikao. Kwa sababu hiyo kila kikundi changu sasa kina wawezeshaji wawili.