Namna ya Kulinda Neva za Jino Lililovunjika

Jino la kudumu linapovunjika, okota kipande kilichokatika, kiweke ndani ya maziwa au maji safi, kisha mwone daktari wa meno siku hiyo hiyo, hata kama maumivu ni madogo. Katikati ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na neva, na neva hizo hazileti maumivu tu: zinapojeruhiwa hutoa kemikali zinazopanua mishipa ya damu na kuita seli za kinga, hivyo kukisaidia kiini kujenga dentini mpya, yaani tabaka gumu linalokizunguka. Katika majaribio ya wanyama, meno yaliyokatiwa neva yalipoteza sehemu kubwa zaidi ya kiini baada ya kuumizwa.

Mwombe daktari afunike mvunjiko mapema ili bakteria wasiingie. Kiini kikionekana kama doa jekundu, hasa kwa mtoto ambaye mzizi wa jino lake bado unakua, uliza kama sehemu iliyo hai inaweza kuhifadhiwa.

Jambo moja nalisisitiza sana: jino lililogongwa linaweza kukosa kuhisi baridi kwa miezi 3 au zaidi huku damu bado inapita ndani yake, kwa hiyo kipimo cha daktari cha kugusisha jino baridi peke yake kisiwe sababu ya kuondoa kiini. Hudhuria kila miadi ya uchunguzi, lakini ukiona usaha, uvimbe wa ufizi au maumivu yanayozidi, rudi hospitali bila kungoja tarehe.