Namna ya kufufua rawda iliyochoka katika jangwa la Qatar

Rasi ya Qatar hupata mvua ya milimita 80 hivi kwa mwaka mzima, na sehemu kubwa yake huweza kushuka kwa dhoruba mbili tatu kati ya Novemba na Aprili. Maji hayo huteremka juu ya mwamba wa chokaa yakibeba udongo laini, mpaka yakutane kwenye mabonde mapana ya kina kifupi ambayo wenyeji huyaita rawda. Humo ndimo husimama mkunazi (sidr), mgunga (samr), kichaka cha miiba kiitwacho awsaj na nyasi ya thumam, na humo ndimo sungura, kalunguyeye, dhabu (mjusi mkubwa wa jangwani) na ndege wa safari hupata chakula na kivuli. Ukiharibu rawda moja, umeua makazi ya eneo lote linaloizunguka.

Watu wengi huanza na miche. Ndiyo hatua ya mwisho. Rawda iliyochoka mara nyingi bado ina mbegu ardhini. Inachokosa ni utulivu, na maji yaliyokuwa yakiingia sasa yanapita pembeni.

Kabla ya kugusa chochote, pata kibali cha Wizara ya Mazingira na Mabadiliko ya Tabianchi. Sheria Na. 32 ya mwaka 1995 inalinda mimea ya porini, na Sheria Na. 19 ya mwaka 2004 inalinda wanyamapori na makazi yao. Kukata hata mti vamizi bila karatasi mkononi ni kujitafutia kesi.

Kwanza ondoa magurudumu

Gari likipita mara chache tu juu ya udongo wa rawda, hasa ukiwa umeloa, hufanya mambo mawili. Huvunja utando mwembamba wa vijidudu na kuvu unaoshika udongo usipeperushwe na shamal, upepo mkali wa kaskazini-magharibi, na hushindilia tabaka la chini hadi maji yasipenye. Baya zaidi, alama za magurudumu hugeuka mifereji: mvua ikija, maji hufuata njia ya gari na kutoka nje ya bonde.

Kupima ni rahisi. Siku mbili tatu baada ya mvua, chukua nondo ya milimita 10 na uisukume ardhini kwa mkono. Ikizama sentimita 25 penye udongo mzima na kukwama kwenye sentimita 5 njiani, umepata jibu. Ukitaka namba zaidi, gonga kipande cha bomba chenye kipenyo cha sentimita 15 kiingie sentimita 5 ardhini, mimina lita moja (kina cha karibu sentimita 6) na uhesabu dakika hadi maji yaishe. Fanya hivyo njiani na nje ya njia, mara tatu kila mahali.

Funga viingilio kwa mawe makubwa ambayo mtu mmoja hawezi kuyasukuma, yakiachana mita moja na nusu, na uache njia moja inayopita juu kwenye changarawe, nje ya bonde. Usizibe njia zote. Wapiga kambi wa msimu wa baridi wakikosa pa kupita watafungua mpya, na utakuwa umeongeza jeraha.

Njia zilizofungwa zipasuliwe kwa sururu au kwa jino la trekta, kina cha sentimita 30, mistari ikiachana mita moja na ikifuata usawa wa ardhi, kamwe isishuke na mteremko. Usawa upimwe kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, kama wafanyavyo mafundi ujenzi. Kazi hii ifanywe Septemba au Oktoba, udongo ukiwa mkavu: mkavu hupasuka, ulioloa hushikamana na kuwa tofali. Udongo ambao haujakanyagwa uache kama ulivyo.

Uzio

Ngamia na mbuzi humaliza mche kabla haujapata mwaka, kwa hiyo uzio ni lazima kwa miaka kadhaa ya mwanzo. Kwa ngamia, urefu usipungue mita 1.8, nguzo kila mita 4, za pembeni zikiegemezwa. Wavu usiguse ardhi. Acha nafasi ya sentimita 15 ili sungura, kalunguyeye na mijusi wapite. Ning'iniza vibati au vipande vya plastiki nyeupe kwenye waya wa juu kila mita 2, la sivyo ndege wanaoruka chini wataugonga alfajiri.

Pale uzio unapokatiza mkondo wa maji ndipo hufia. Takataka hujazana kwenye wavu, wavu hugeuka bwawa, na dhoruba hung'oa nguzo 10 kwa mpigo. Hapo tundika kipande cha wavu kilichofungwa juu tu, kiinuke maji yakija.

Kuna wanaotamani kuingiza choroa ndani ya uzio kwa sababu ni mnyama wa fahari ya nchi. Choroa wa Arabuni alitoweka porini mwaka 1972 na kurudishwa Oman kuanzia 1982, kwenye uwanda mkubwa wa jangwa. Katika uzio wa hekta chache atakula miche yako, kisha utamlisha majani makavu maisha yake yote. Hiyo inakuwa zizi.

Mathenge

Mti vamizi unaosumbua hapa ni uleule unaoitwa mathenge Kenya, Prosopis juliflora. Usiuchanganye na ghaf, Prosopis cineraria, ambao ni mti wa asili na unalindwa. Mathenge ana miiba miwili miwili penye vifundo vya majani, na maganda manene ya manjano yenye utamu. Ghaf ana miiba mifupi iliyotawanyika kati ya vifundo, na maganda membamba. Kama huna hakika, weka panga chini.

Kuukata juu ya ardhi ni kuupogoa tu. Utachipua matawi mengi kuliko mwanzo. Chimba kuzunguka shina na ukate mzizi sentimita 20 hadi 30 chini ya uso wa ardhi, chini ya vichipukizi vyote. Angalia viota kwanza. Fanya kazi kabla maganda hayajakomaa, na yaliyoanguka yabebwe kwa magunia, kwa sababu mifugo huyala na kuzisambaza mbegu kwenye kinyesi. Mbegu hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo baada ya kila mvua rudi ung'oe miche kwa mkono wakati ardhi bado laini.

Ukifika kwenye miche

Subiri msimu mmoja wa mvua baada ya uzio. Yanayoota yenyewe yatakuonyesha pa kupanda na pa kuacha. Kisha chukua mbegu kutoka rawda za jirani, kutoka miti 20 au zaidi, na usichukue zaidi ya moja ya tano ya maganda ya mti mmoja. Mbegu za mgunga hutobolewa sana na fukusi: tupa zenye tundu na zinazoelea majini. Zilizobaki zikwaruze upande ulio mbali na kitovu (alama ya pale mbegu iliposhikana na ganda), au zimiminie maji ya moto yaliyoshuka kidogo kutoka kuchemka, uziache mpaka kesho yake.

Otesha kwenye mirija yenye kina cha sentimita 30. Kwenye kifuko kifupi mzizi mkuu hujizungusha, na mche wa namna hiyo hufa majira ya joto ya pili hata ukiumwagilia. Wiki sita kabla ya kupanda, punguza maji na uondoe kivuli polepole.

Panda Novemba. Kwenye kingo zenye mteremko, jenga tuta la nusu mwezi lililo wazi upande wa juu: nusu kipenyo mita 2, urefu sentimita 30 katikati, ncha zote mbili zikiwa kwenye usawa mmoja na kuimarishwa kwa mawe. Ncha moja ikiwa chini, maji yote yatatoka hapo na kuchimba korongo. Mche ukae juu kidogo ya sehemu ya chini kabisa, maana mfinyanzi ukituamisha maji siku kadhaa, mizizi huoza. Wala usijaze matuta upande wa juu wa bonde; kila lita unayoizuia huko, rawda yenyewe inaikosa.

Lita 15 siku ya kupanda, kisha lita 10 kila wiki mbili hadi majira ya joto ya kwanza yapite, kupitia bomba lililotobolewa na kuzikwa sentimita 50. Maji ya visima vingi hapa yana chumvi. Kumwagilia kidogo kila siku huacha chumvi juu na kuvuta mizizi juu. Mara chache kwa wingi huisukuma chini. Nafasi kati ya miche ipime kwenye rawda ya karibu isiyoharibika, usiipange kama bustani.

Mashimo ya dhabu utayajua kwa mlango wa nusu duara. Yawekee alama, na usichimbe wala kuegesha gari karibu. Birika la maji usiweke: litaleta paka na mbwa wa mitaani kabla ya mnyama wa pori.

Kila Machi, nyosha kamba ya mita 50 ndani ya uzio na nyingine nje, mahali palepale penye vigingi, na kila sentimita 50 andika kilichogusa kamba: mmea, majani makavu, utando, au udongo mtupu. Piga picha kutoka kigingi kilekile. Mwaka wa mvua nzuri hupaka kijani kila mahali, kwa hiyo hesabu ya maana ni tofauti kati ya kamba ya ndani na ya nje.