Iringa mpaka Matema na watoto: namna ya kupanga safari msigombane njiani

Kama gari mnayo na likizo ya Juni au Desemba inakaribia, njia ya kutoka Iringa kushuka mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa kule Kyela, ni tamu kuliko nyingi wanazozisifia watu, ila wengi wanaiharibu kwa sababu wanapanga kwa kilomita. Baba anaangalia simu anaona Iringa–Mbeya ni kama 330, anasema tukitoka asubuhi saa nane mchana tuko Mbeya tunakula. Hiyo hesabu ni ya mtu mwenye begi moja mgongoni. Ukiwa na watoto panga kwa tumbo na kibofu, yaani kila saa moja na nusu hivi gari isimame, na isimame penye kitu cha kuona au pa kukimbia, siyo sheli tu kila mara.

Kwanza muda wa mwaka. Juni na Julai barabara kavu na anga safi lakini baridi ya Makambako na ya Uyole, penye njiapanda ya Tukuyu karibu na Mbeya mjini, si ya mchezo, mtoto avae sweta, soksi na kofia ya masikio hata kama atakataa. Desemba mvua zimeanza, kijani kila kona, na Hifadhi ya Kitulo maua yanaanza kutoka. Machi mpaka Mei mi nisingeenda, Tukuyu mvua inanyesha kama imelipwa, na zile barabara za vumbi za kwenda kwenye maporomoko zinageuka tope.

Gari: breki kabla ya kitu chochote. Njia hii ina miteremko, ule wa Inyala kabla hujafika Uyole unajulikana kwa ajali, malori yanayoenda Tunduma yanashuka na mzigo na mengine breki zimeshachemka. Weka gia ndogo, kaa mbali na lori la mbele, na la nyuma likikusukuma tafuta sehemu pana ulipishe, usishindane nalo. Spea iwe na upepo (watu wanaisahau hii), jeki, reflekta, mtungi wa kuzimia moto. Vijijini mwendo ni 50 na tochi za trafiki zipo nyingi, hela ya faini si bora uwanunulie watoto mahindi ya kuchoma. Na usiku msitembee, ukungu ukishuka ule wa Uyole huoni hata boneti. Mtoto asikae mbele kwenye mapaja ya mama, hata kama analia, mdogo akae kwenye kiti chake nyuma, wakubwa wafunge mkanda.

Siku ya kwanza msiwahi kuondoka Iringa bila kupita Isimila. Iko kama kilomita 20 kwa hii hii barabara ya Mbeya, kibao unakiona. Kuna zana za mawe za watu wa kale, kisha mnashuka kwenye korongo lenye nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kuliko nyumba. Watoto wanapapenda kuliko makumbusho yoyote kwa sababu wanatembea katikati ya kitu chenyewe. Nendeni asubuhi maana mchana korongoni kuna joto, na waambieni mapema kwamba nguzo hazipandwi. Kalenga, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa 1954, ni njia nyingine ya kuelekea Ruaha, kwa hiyo kama mnataka kwenda iwe jana yake, na mi naona inawafaa wale walioshaanza kusoma historia shuleni, wa miaka minne atauliza maswali ambayo hutaki kuyajibu usiku gesti.

Mafinga ni misitu ya paina pande zote, nyoosheni miguu, endeleeni. Makambako mle chakula cha mchana, chakula cha moto, na kama mna bahati mtaona treni ya TAZARA. Ikipita jiandaeni kuizungumzia mpaka Mbeya. Mkishuka Igawa na Chimala joto linarudi, masweta yanavuliwa, halafu mkipanda kuelekea Uyole yanavaliwa tena, kwa hiyo nguo za watoto zisifungiwe chini ya buti, weka begi dogo la nguo pale pale siti ya nyuma.

Chimala ndo mnapoamua kuhusu Kitulo. Ile njia ya kupanda Matamba ina makona zaidi ya hamsini, mandhari ni balaa lakini mtoto anayetapika atatapika. Huko juu ni kama mita 2,600, nyika ya maua, ndo maana watu wanaiita Bustani ya Mungu. Getini malipo ni kwa kontrol namba, msitegemee keshi, na walio chini ya miaka mitano hawalipi. Kama mna watoto wadogo na siku chache, Kitulo iacheni safari nyingine, kwa kweli. Kulazimisha ndo kunakotoa vilio.

Kuhusu kutapika, kwa sababu Uyole mpaka Tukuyu nako ni kona tupu. Asubuhi ya siku hiyo msimpe maziwa wala chips mayai, mpe mkate mkavu au kiazi cha kuchemsha kidogo, chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Simu na katuni zizimwe kabla kona hazijaanza, mwambie aangalie mbele mbali, dirisha lifunguliwe kidogo. Kila mtoto awe na mfuko wake mkononi, siyo kwenye dashbodi, maana akisema "mama nataka ku..." hamna muda wa kutafuta. Ukimwona amenyamaza ghafla na anameza meza mate, simama. Mkianza kushuka kuelekea Kyela masikio yanaziba, wape pipi au kipande cha muwa watafune.

Ziwa Ngozi ni zuri sana ila ni kupanda mlima msituni, kwenye utelezi, na mwisho kuna mwinuko mkali, wa miaka tisa kumi anaweza akiwa na mwongozaji, wa mgongoni mwachie mtu mmoja abaki naye. Kwa wadogo Daraja la Mungu linatosha, unaulizia maeneo ya Kiwira njia ya Chuo cha Magereza, mwamba wa volkano umetanda juu ya mto wenyewe kama daraja, na Kijungu, pale mto unapoingia kwenye shimo la mwamba kama chungu, hakiko mbali. Shika mkono wa mtoto kila wakati, kingo zinateleza. Barabarani ndizi na parachichi ni bei ya chini, nunueni hapo chakula cha njiani.

Matema laleni siku mbili, siyo moja. Kuna gesti za bei tofauti, zingine za kanisa, wikiendi za sikukuu piga simu mapema. Ziwa liko chini kwenye mita 475 hivi na huko joto na mbu vipo, chandarua kikaguliwe matundu kabla ya kulala. Kabla watoto hawajaingia majini waulizeni wenyeji sehemu gani salama, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuwaangalia tu, bila simu.

Mchele wa Kyela nunueni siku ya kurudi, mkinunua mapema mtakaa na gunia miguuni. Vyungu vya Ikombe, kijiji jirani na Matema, navyo vifungeni kwa kanga viwekwe chini ya siti, msiviweke kwenye buti pamoja na mchele.