Mdogo wako anaingia kwenye pepa ya hesabu? Fanya hivi

Kwanza acha kabisa ile ya "wasichana, leo waonesheni wavulana kuwa na nyie mnaweza". Najua inatoka moyoni, huku Mbeya utaisikia sana asubuhi ya mock, ila hapo ushamkumbusha mtoto kuna watu wanaamini hawezi, sasa anaingia chumbani na pepa mbili, ya hesabu na ya kuwatetea wasichana wote wa Rungwe.

Sio maneno ya kijiweni haya. Mwaka 1995 huko Marekani, wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson waliwapa wanafunzi wa chuo cha Stanford mtihani mgumu wa lugha, wale weusi, ambao huko nao wanasemwa hawana akili, walioambiwa unapima uwezo wao wakaboronga, walioambiwa ni zoezi tu la kufumbua maswali wakafanya vizuri zaidi. Mtihani ni uleule! Shida ni kwamba akili inayopiga hesabu ndo hiyohiyo inayohangaika na hofu, mtoto yuko kwenye kwadratiki huku anawaza "watasema si ndo hawa wa shule ya kata", anasahau alama ya kutoa, anafuta, anaanza upya, muda unayoyoma. Kuna tafiti hazikuona hofu hiyo ikishusha alama, mfano ile kubwa ya Uholanzi ya 2018 kwa wasichana na hesabu, kwa hiyo usitegemee miujiza, ambaye hajasoma hajasoma tu.

Wiki moja kabla mwambie wazi: moyo ukianza kwenda mbio kwenye swali gumu, hiyo ni hofu ya maneno ya watu, sio ushahidi kwamba huna akili. Siku ya pepa yenyewe akishaoga na kunywa chai mpe karatasi, dakika 10 aandike kila anachoogopa, hata matusi sawa, usiisome, aichane aende zake.

Na nyie makaka wa nyumbani, neno "kilaza" lipumzike mpaka nekta ipite.

Mwalimu, ukisahihisha usimwandikie "umejitahidi" kwenye 28, mtoto anajua unamwonea huruma. Andika hivi: "Namba imevuka upande wa pili hujabadili alama. Nakubana kwa sababu najua B unaifikia. Rudia swali la 4, lete kesho." Akileta, lisahihishe palepale akiwa amesimama.